Slaisi inanimaliza: kosa liko kwenye kuondoa fimbo, au mabega ndiyo yanadanganya?

#1 Handikapu24

Wakuu salaam, hasa wale wa gofu, maana najua humu mpo ila mnajificha.

Nina miaka mitatu kwenye mchezo huu, napiga mkono wa kulia, nipo Dar. Handikapu yangu (viboko ninavyopunguziwa kwenye hesabu, kwa hiyo ikiwa kubwa wewe bado dhaifu) mnaiona kwenye jina. Aini fupi, zile fimbo za chuma za karibu, nakwenda nazo vizuri tu. Nikishika dreva sasa, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, mpira unaanza kushoto kidogo halafu unakata kulia kama bodaboda aliyeona trafiki. Ndiyo slaisi yenyewe. Kila Jumamosi nanunua mipira, kila Jumamosi naiacha vichakani.

Miaka yote hiyo naambiwa kosa langu liko kwenye kushuka, yaani fimbo inarudi kwenye mpira ikitokea upande wa mbali na mwili. "Unashuka kutoka nje." "Unakata mpira kama unakata muwa." Nimejilazimisha kushuka kwa ndani mpaka mbavu zimeuma. Jumapili iliyopita nikamwomba mwanangu asimame nyuma yangu, aelekeze simu kule ninakolenga, arekodi kwa mwendo wa polepole.

Nilichokiona ni hiki. Wakati wa kurudisha fimbo, kabla hata haijafika usawa wa kiuno, kichwa chake kimeshapotelea nyuma ya mgongo wangu, mikono imejiviringisha, uso wa fimbo unatazama mawingu. Yaani swingi, ule mzunguko mzima wa fimbo, imeharibika kabla haijaanza. Halafu kuna la pili: nikiwa nimesimama tu, sijatikisika, mabega yangu yanatazama kushoto ya bendera. Miguu iko sawa kabisa, nilikuwa nimelaza fimbo chini kwenye vidole. Mabega ndiyo yamejiendea zao.

Swali langu: kati ya hayo mawili, kipi kinamzaa mwenzake? Nianze kurekebisha namna ninavyoondoa fimbo, au namna ninavyosimama?

#2 Mpiti Njia

Nakaa hapa mbele kabisa na kahawa yangu. Hata mimi nakata.

#3 Kedi Mstaafu

Kijana, nimebeba mabegi ya watu miaka 22 mpaka goti lilipogoma. Nimetazama migongo mingi kuliko daktari wa mifupa. Ngoja nikuelezee unachokiona, kwa sababu hiyo video yako nimeshaiona mara elfu bila simu.

Anza na mikono. Kwenye mshiko, mkono wa kulia uko chini ya wa kushoto. Hilo peke yake linataka bega la kulia lishuke kidogo kuliko la kushoto. Na aini fupi mpira uko katikati ya miguu, bega halisumbuki. Ukishika dreva unaweka mpira mbele, karibu na kisigino cha mguu wa kushoto. Ni sahihi kuuweka pale. Kosa linakuja hapa: badala ya kuliacha bega la kulia lishuke, unaupeleka mkono wa kulia mbele kuufuata mpira. Bega linatoka nje, kifua kinageuka, mabega yote mawili yanatazama kushoto. Miguu haina habari. Ndiyo maana fimbo uliyolaza kwenye vidole ilikwambia uko sawa. Ilipima miguu.

Sasa fimbo. Kwa kawaida fimbo ikiondoka inapenda kufuata mstari wa mabega. Mabega yakitazama kushoto, ilitakiwa itoke kwa nje. Yako inaingia ndani. Kwa nini? Kwa sababu miaka mitatu umeambiwa usishuke kutoka nje, na mikono yako imeshika hofu. Ikianza tu kuondoka, inaikwapua ndani haraka kama mtu anayeficha kitu nyuma ya mgongo.

Ukishaificha huko, mikono imebanwa nyuma ya kifua. Hakuna nafasi ya kushukia. Mpira uko mbele, mikono iko nyuma, na mwili hauna njia nyingine ya kuufikia ila bega la kulia litangulie kuisukuma fimbo nje. Hapo unashuka kutoka nje, tena vibaya zaidi. Ile dawa uliyopewa ndiyo inakuletea ugonjwa.

Kwa hiyo jibu langu: mabega kwanza. Fimbo baadaye. Ukigeuza mpangilio huo utarudi hapa mwakani na uzi huuhuu.

#4 Handikapu24

Shikamoo mzee. Umenielezea kama ulikuwepo. Hiyo ya aini fupi nilikuwa sijawahi kuielewa, kwa nini zinakwenda na dreva haiendi. Nilidhani ni urefu wa fimbo.

#5 Kedi Mstaafu

Marahaba. Urefu nao umo, unakuzidishia kila kosa. Lakini si huo ulioanza.

#6 Baridi ya Limuru

Niongezee kutoka huku Kenya. Kocha aliyenifunza alinichorea reli ya treni. Reli ya nje inapita kwa mpira kwenda kwa bendera. Reli ya ndani ndiyo ya mwili: vidole vya miguu, magoti, nyonga, mabega, hata mikono kuanzia kiwiko mpaka kiganja. Zote zinalala sambamba na ile ya nje, hazikutani nayo. Sasa watu wengi huku hulenga bendera na miguu. Ukilenga bendera na miguu, reli ya mpira inaenda kulia ya bendera. Mwili unajua umelenga kulia, halafu unajaribu kuuvuta mpira urudi kushoto, na hapo ndipo mtu anashuka kutoka nje bila kujua sababu. Kosa ni ya kulenga, lakini kila mtu anaangalia swingi.

#7 Hesabu Kwanza

Kaka wa Limuru, picha ya reli ni nzuri ila hesabu yake haiko hivyo. Umbali kati ya vidole vyako na mpira ni kama sentimita 60, tuseme 80 kwa dreva. Mstari wa miguu ukigusa bendera kabisa, na mstari wa mpira ukawa sambamba nao, mpira utapita kulia ya bendera kwa hizo sentimita 60 au 80 basi. Haijalishi ni mita 100 au 200. Mistari sambamba haiachani. Nani humu anakosa bendera kwa sentimita 60? Aje nimpigie saluti.

Kinachoua ni nyuzi za pembe. Nyuzi 1 kwenye mita 150 ni mita 2.6. Nyuzi 5 ni mita 13, na nyuzi 5 za mabega huzioni kwa macho yako mwenyewe ukiwa umeinama juu ya mpira. Dreva ya mita 200, nyuzi 5 ni mita 17 na nusu. Hapo ndipo vichaka vinapoanza.

#8 Baridi ya Limuru

Sawa mwalimu, umenishika. Lakini reli hainisaidii kupima, inanisaidia kuona. Nikisimama bila hiyo picha kichwani, nyuzi zako zinakuwa 10.

#9 Hesabu Kwanza

Hapo sina ubishi.

#10 Bunka la Kumi

Mnamtisha mtu bure. Jim Furyk, mchezaji wa kulipwa wa Marekani, anairudisha fimbo kama mtu anayemfukuza nyoka, inapanda nje juu kabisa halafu inazunguka kitanzi ndiyo ishuke. Huyohuyo alichukua US Open mwaka 2003, na mwaka 2016 akapiga viboko 58 kwenye raundi moja, wa kwanza kufanya hivyo PGA Tour, ligi kuu ya gofu ya Marekani. Kwa upande mwingine Raymond Floyd alikuwa anaivuta ndani wazi kila mtu akiona, na ana meja nne, yale mashindano makubwa kabisa. Matthew Wolff naye ana kitanzi chake, akashinda mwaka 2019 akiwa na miaka 20. Sasa hiyo "njia sahihi" ya kuondoa fimbo iko wapi? Mwacheni mtu apige mpira.

#11 Kedi Mstaafu

Bunka, hao wote umewataja kwa haki. Swali ni wanarudije. Furyk anakwenda nje akirudi kwa ndani. Floyd anakwenda ndani, lakini kifua chake kinageuka kikamilifu, mikono haiachwi nyuma peke yake, na akishuka anapata njia. Halafu wanafanya hivyohivyo mara elfu kwa siku tangu utotoni. Mtu wa Jumamosi mbili kwa mwezi akianza na kitanzi, atarudi na kitanzi tofauti kila wiki. Mimi sisemi ni njia sahihi. Nasema ni njia yenye kona chache.

#12 Bunka la Kumi

"Njia yenye kona chache." Hiyo naiba.

#13 Fundi Rada

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa kazini. Kuna kitu kimepitwa na naona kitamponza mleta uzi.

Amesema mpira unaanza kushoto kidogo, halafu unakata kulia. Tulivyofundishwa zamani, mpira unaanza kufuata njia ya fimbo, kisha unapinda kufuata uso wa fimbo. Mashine za rada kama TrackMan za Wadenmark zilipoanza kupima, ikaonekana ni karibu kinyume. Mpira unaanzia kule uso wa fimbo unakotazama wakati wa kugonga. Kwa dreva ni kama asilimia 85 ya mwelekeo wa kuanzia, kwa aini kama 75. Kupinda ndiko kunakotokana na tofauti kati ya uso na njia.

Sasa weka mpira wake hapo. Umeanza kushoto, maana yake uso ulikuwa unatazama kushoto ya bendera. Haukuwa wazi kwa bendera hata kidogo! Umepinda kulia kwa sababu njia ilikuwa inakwenda kushoto zaidi ya uso. Atakayemwambia "funga uso, viringisha mikono wakati wa kugonga" anampeleka moja kwa moja kwenye vichaka vya upande wa pili. Uso akiufunga zaidi, mpira utaanza kushoto zaidi na hautarudi.

Kinachotakiwa ni kuihamisha njia ije kulia, na njia inategemea mabega. Kwa hiyo nakubaliana na mzee hapo juu, ingawa tumefika kwa barabara mbili tofauti.

La kuongezea: mabega yakiwa wazi na bega la kulia likitangulia, mara nyingi dreva inagonga mpira kwa upande wa kisigino cha fimbo, yaani sehemu ya uso iliyo karibu na mpini. Kugonga kisigino kwenye dreva kunaongeza kukata kulia, hata kama uso na njia si vibaya sana. Nunua unga wa miguu, ule wa kupulizia, puliza kwenye uso wa fimbo kabla ya kupiga. Alama itakwambia.

#14 Handikapu24

Mkuu Fundi Rada, mwaka jana nililipia masomo sita ya "funga uso". Sita. Na kweli nikawa napiga kushoto moja kwa moja mpaka nikamvunjia mtu kioo cha gari. Sikujua kuwa nilifuzu.

#15 Mpiti Njia

😂😂 Umefuzu kwa daraja la kwanza.

#16 MamaAini7

Habari zenu kaka zangu. Naona mmezungumza mabega, mikono, uso, njia. Nyonga hamna aliyezitaja.

Mimi nilianza nikiwa na miaka 41. Nikaambiwa na mwalimu wa kwanza: nyonga zitulie, mabega ndiyo yageuke. Kanuni ya vitabuni ni mabega nyuzi 90, nyonga 45, na kadiri tofauti inavyokuwa kubwa ndivyo unavyopata nguvu. Basi nikazishikilia nyonga kama nimefungwa kamba. Matokeo: mgongo wa chini uliniuma miezi minne, na bado fimbo ilikuwa inaingia ndani vilevile. Kwa nini? Nyonga zisipogeuka kabisa, kifua kinagoma mapema. Kifua kikigoma na mikono haijamaliza safari, mikono inaendelea peke yake. Na mikono ikienda peke yake haina pa kwenda ila kuzunguka nyuma ya mwili.

Mwalimu wa pili, mama mtu mzima, alinitazama mipira mitatu tu. Akasema: inua kisigino cha kushoto. Basi. Nikakiinua kidogo wakati wa kurudisha, nyonga zikageuka zenyewe, kifua kikafuata, fimbo ikapanda mbele yangu badala ya nyuma. Jack Nicklaus, gwiji wa gofu, alikuwa anainua kisigino chake na ana meja 18, kwa hiyo sikuona aibu.

Handikapu24, ukiwa na tumbo kidogo au kazi ya kukaa kwenye kiti siku nzima (sikutukani), jiangalie nyonga kabla hujalaumu mikono.

#17 Handikapu24

Dada, vyote viwili ninavyo. Tumbo na kiti.

#18 Fundi Rada

Anachosema MamaAini7 ni kweli, ila kuna mpaka. Kugeuka si kuteleza. Wengi wakiambiwa waachie nyonga wanazisukuma kulia pembeni, uzito unakwenda nje ya mguu wa kulia, goti linanyooka. Simama matako yakigusa kiti au ukuta. Ukirudisha fimbo, tako la kulia libaki linagusa, lisugue nyuma. Likiachana na ukuta, umeteleza.

Halafu mabega hayageuki kama mlango. Umeinama, kwa hiyo bega la kushoto linatakiwa lishuke kuelekea chini ya kidevu, si lizunguke usawa. Likizunguka usawa, fimbo inaingia ndani hata kama mikono haina hatia, kichwa kinainuka, na kushuka unasimama wima kabla ya kugonga.

#19 Kedi Mstaafu

Sasa mazoezi, maana maneno yamekuwa mengi na mwenye uzi anataka kwenda renji, uwanja wa mazoezi.

Kwanza kabisa, mabega. Simama kwa dreva, halafu chukua fimbo nyingine uishike imelala kifuani kutoka bega hadi bega. Usiitazame ukiwa umegeuza kichwa, utadanganyika. Mwombe mwanao asimame nyuma apige picha. Ikielekea kushoto, usilazimishe mabega. Rudisha kiwiko cha kulia karibu na mbavu, kiwe kimelegea na kukunjika kidogo, na bega la kulia litashuka na kurudi lenyewe. Wengi nimewaona wakipona hapo, mwili wote ukajipanga kwa kiwiko kimoja.

Ukishatulia hapo, ndiyo uende kwenye fimbo. Nina mazoezi mawili tu, mengine ni mapambo.

La kitovu. Shika fimbo chini kabisa, kwenye chuma, kitako cha mshiko kiguse kitovu, mikono imenyooka. Irudishe kidogo tu, kama nusu mita, na kitako kisiachane na kitovu. Utaona haiwezekani isipokuwa kifua kigeuke. Mikono ikitaka kujiviringisha, kitako kinakuchoma tumbo. Fanya mara kumi, kisha shika kawaida upige mpira mmoja. Mmoja, si kumi.

La mpira wa pili. Weka mpira nyuma ya kichwa cha fimbo, vigusane. Unapoondoa fimbo, usukume huo mpira wa nyuma. Ukibingirika nyuma kwa mstari, au ndani kidogo sana, ni sawa. Ukibingirika kuelekea visigino vyako, umeificha tena.

Fimbo ikifika usawa wa kiuno, imelala sambamba na ardhi, simama hapo utazame. Ilale sambamba na mstari wa vidole. Mtu akiwa nyuma yako, kichwa cha fimbo kiwe kimefunika mikono yako, au kiwe nje kidogo. Ncha ya fimbo itazame juu, na ukingo wa mbele wa uso uiname kidogo kuelekea mpira, kama mgongo wako ulivyoinama. Ukiona uso wote unatazama mawingu, umeviringisha.

#20 Baridi ya Limuru

Mzee asante. Kitu kimoja cha huku kwetu: nyasi. Viwanja vya nyanda za juu vimejaa nyasi za kikuyu, nene kama mswaki. Nikiuweka kichwa cha fimbo chini nyuma ya mpira halafu nianze kuirudisha, nyasi zinaikamata. Inakwama nusu sekunde, halafu mkono unaikwapua, na inaenda inakotaka. Tangu nianze kuishika juu kidogo isiguse chini, kuondoka kumekuwa laini. Nimeambiwa Nicklaus alikuwa hivyo, fimbo hailali chini.

#21 Kedi Mstaafu

Ni kweli kuhusu Nicklaus. Na zaidi ya hapo, alikuwa anasimama nyuma ya mpira, anachagua kitu kidogo mbele yake hatua moja au mbili kwenye mstari wa shabaha: jani, alama ya shimo la zamani, chochote. Analenga kile. Kulenga kitu kilicho karibu na miguu ni rahisi kuliko bendera iliyoko mita 180. Hiyo ni bure, haihitaji fimbo ya kulaza chini wala rada.

#22 Handikapu24

Na mimi huwa nina njia rahisi zaidi. Kedi wangu anasimama nyuma yangu, ananiambia "kushoto bosi, kulia bosi, hapo hapo, piga." Napiga. Hiyo imenisaidia sana kwenye mashindano ya klabu.

#23 Fundi Rada

Mkuu!! Hiyo ni adhabu ya viboko viwili kwenye hesabu yako!

Tangu sheria mpya za mwaka 2019, Kanuni ya 10.2b. Ukianza kuchukua nafasi ya kusimama, kedi haruhusiwi kuwa amesimama kwa makusudi kwenye au karibu na mstari unaoendelea nyuma ya mpira, mpaka upige. Ukijitoa kabla hujapiga na kuanza upya akiwa ameondoka, umepona. Mwezi huohuo sheria ilipoanza, Januari 2019, Li Haotong wa China aliadhibiwa viboko viwili kule Dubai kwenye shimo la mwisho, na kedi wake hata hakuwa anampanga. Kwenye mechi ya wawili unapoteza shimo.

Na ile fimbo ya kulaza kwenye vidole, renji sawa. Kwenye raundi ukilaza chochote chini kikusaidie kusimama, ni adhabu hiyohiyo, na kukiokota kabla ya kupiga hakukusaidii.

#24 Handikapu24

Jamani. Mwaka jana nimechukua kombe dogo la glasi. Liko sebuleni.

#25 Bunka la Kumi

Lifunike kitambaa mkuu, halafu tuendelee na mada.

#26 Kedi Mstaafu

Na mimi nakiri. Kabla ya 2019 ndiyo ilikuwa kazi yangu nzima hiyo. Mabosi wengi walikuwa hawajui kulenga kabisa, walikuwa wananijua mimi. Siku nisipokuja walikuwa wanapotea uwanjani kama wageni. Sheria ilipobadilika nikaona watu wa handikapu 12 wakiwa 18 ndani ya miezi miwili, na swingi ileile.

#27 Mashoto wa Mwanza

Mimi ni mashoto. Nasoma haya yote nageuza kichwani, nimeshapata kizunguzungu. Kiwiko cha kulia kwangu ni cha kushoto, si ndiyo?

#28 MamaAini7

Ndiyo kaka. Isome mbele ya kioo.

#29 Handikapu24

Wakuu nimerudi, ni wiki tatu sasa. Ripoti.

Wiki ya kwanza sikupiga dreva kabisa. Kiwiko cha kulia na fimbo kifuani, kila jioni barazani, mke wangu akiniuliza kama niko sawa. Picha ya mwanangu ilionyesha mabega yamerudi, ila mimi mwenyewe nilikuwa nahisi nimelenga baharini kabisa, kulia. Hilo hamkuniambia. Ukiwa umezoea kusimama vibaya, kusimama sawa kunahisi kama kosa.

Wiki ya pili, kitovu na mpira wa nyuma. Mpira wa nyuma ulinitoa jasho. Mara ishirini za kwanza ulikuwa unakuja moja kwa moja kwenye kisigino changu kama umeitwa. Nilipoinua kisigino cha kushoto kidogo kama alivyosema dada, ndiyo ukaanza kwenda mstari. Kumbe nyonga zilikuwa zimekufa ganzi.

Jumamosi iliyopita nimecheza mashimo 18. Kedi nimemwomba akae pembeni, akanuna. Dreva 14: tano zimekwenda moja kwa moja, sita zimekata kidogo lakini ziko uwanjani, mbili vichakani kulia, moja sijui ilikokwenda. Mipira niliyopoteza ni mitatu. Kawaida ni tisa.

Unga nao nimepuliza. Alama zilikuwa zote kisigino, sasa zimesogea nusu njia kuelekea katikati.

#30 Fundi Rada

Nusu njia kwa wiki tatu ni kubwa. Mipira iliyokata kidogo ilianzia wapi?

#31 Handikapu24

Karibu katikati, halafu kulia. Si kushoto tena.

#32 Fundi Rada

Basi njia imesogea, na uso umesogea nayo. Sasa hivi, na si kabla, ndiyo unaweza kuanza kuzungumzia mshiko wako. Tupia picha ya mkono wa kushoto.

#33 Kedi Mstaafu

Kabla ya mshiko. Huyo mwanao anayerekodi, naye ameanza kupiga?

#34 Handikapu24

Ameanza mzee. Ana miaka kumi na moja. Anapiga moja kwa moja tu, sijui nimfundishe nini.

#35 Kedi Mstaafu

Usimfundishe kitu. Mpe mpira mwingine.